Ukurasa Mweupe wa Kigaeni

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba anayeacha kazi ndiye mwenye haja ya kujua saa ngapi. Nashukuru. Saa yenyewe nzuri, inalia kila saa, na paka wangu hakai tena sebuleni. Mlikula sambusa, mkasema maneno mengi mazuri juu yangu, na wala hapana hata mmoja aliyeyaandika, nyinyi watu wa kazi ya kuandika. Mwisho wewe Rukia ukanivuta kando ukaniuliza, "Bi Asha, lile jalada la Kambi ya Kigaeni, ile ziara ya pili, mbona mna ukurasa mweupe? Kalamu iliisha wino?" Nikacheka nikakwambia chai inapoa. Sasa nnakaa kwangu Mkunazini na saa yangu, sina haraka ya kwenda popote, nakujibu. Na wenzio wasome, huenda likawafaa neno moja.

Pahala tulipofanya kazi sitopataja kwa jina. Kiapo changu cha kutunza siri hakikustaafu pamoja nami. Vyeo pia siviandiki. Nilipata viwili, na cha pili kilinijia kwa makosa, waliyempangia akawa amehama na jina lake linafanana na langu. Itoshe kusema kwamba kwa miaka thelathini na moja nilikaa kwenye meza ndogo katikati ya ukumbi, chini ya kiti cha Mwenyekiti, nikiandika kila walichosema Waheshimiwa.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vipya. Vilikuwa vinalia. Kila nikipiga hatua, kwii, na chombo cha kunasia sauti kikanasa. Bi Zuwena, ndiye aliyenifunza kazi, mwanamke mfupi mwenye wanja na penseli tatu kachomeka kwenye mtandio, akanisikilizisha ule utepe. Mheshimiwa mmoja alikuwa anaeleza habari za maji safi na salama, na kila akitaja bomba, viatu vyangu vinamwitikia. Akaniambia nivivue. Mwezi mzima wa mwanzo nilitembea pekupeku kwenye ukumbi wa taifa, na ndivyo nilivyozoea kwamba kazi yangu ni kutosikika.

Bi Zuwena alikuwa na maneno yake, nami nawaachieni kama alivyoniachia. "Wewe ni masikio mawili na mkono mmoja," alisema. "Mdomo kaulaze nyumbani." Alinifunza hati mkato, akanifunza kusikiliza utepe mara tatu: ya kwanza kwa ajili ya maneno, ya pili kwa ajili ya majina ya watu na vijiji, ya tatu kwa ajili ya vikohozi. Mtu akikohoa kabla ya kujibu, jibu lile lisikilize tena. Na alinifunza mabano. Ukumbi ukipiga makofi unaandika (Makofi), ukicheka unaandika (Kicheko), wakisemezana chini chini unaandika (Minong'ono). Kazi ndogo, lakini hapo ndipo penye fitina. Alikuja Mheshimiwa mmoja ofisini kwetu, kanuna, hotuba yake haina kicheko hata kimoja na yeye anakumbuka alisema jambo la kuchekesha. Bi Zuwena akamtazama kwa heshima zote. Akamwambia kicheko kilikuwapo, Mheshimiwa, ila kilitoka ulipokaa, si uliposema.

Basi, Kigaeni. Kambi ile iko ufukweni, ukishaipita Kiembe Samaki ukaendelea kusini, na ilikuwa imezeeka, mabweni yanavuja na ukuta umeliwa na chumvi. Miaka michache nyuma ukatoka mpango wa kuivunja na kuijenga upya: mabweni ya ghorofa, ukumbi wa mikutano, maegesho ya magari ya wageni. Kamati ikapewa kazi ya kuupitia mpango huo. Pakazuka shida ya kisheria, kwani mambo ya jeshi hayakuwa yetu kuyajadili, lakini ardhi ni yetu. Wanasheria wakajifungia siku mbili, wakatoka na ufumbuzi. Kamati itachunguza ardhi ya kambi bila ya kuigusa kambi iliyo juu yake. Nikaandika (Makofi). Tangu hapo kila mtu akisema "bweni" Mwenyekiti anamkatiza, amkumbushe kusema "kilicho juu ya ardhi". Ukiisoma taarifa ile leo utadhani tulikuwa tunajadili majini.

Ikapangwa ziara. Ziara mnaijua: basi lenye kiyoyozi, kofia mpya, maji ya chupa, picha ya pamoja. Tulikwenda Ijumaa asubuhi. Meja mmoja, kijana mtanashati mwenye fimbo ya kuonyeshea, akatuingiza kwenye hema, na humo mkawa na kambi nzima imechongwa kwa mbao juu ya meza na kupakwa rangi. Mheshimiwa mmoja akauliza mabweni yatachukua watu wangapi. Meja akajibu hiyo ni siri. Mwengine akauliza lango litaelekea wapi. Siri. Wa tatu, mtu mzima mwenye sukari, akauliza choo kiko wapi, na wallahi nilimwona Meja akisita kabla ya kunyoosha fimbo. Pembeni mwa meza palikuwa na kipande kilichopakwa kijivu, kimeandikwa "eneo tupu, maegesho". Hapana aliyekiulizia. Tukaletewa pilau mapema ili watu wawahi sala, na ziara ikaisha bila ya mtu kutoka nje ya hema, isipokuwa yule wa choo.

Mimi nilitangulia langoni kumtafuta dereva. Nje nikamkuta bibi amekaa juu ya jiwe, ana ufagio wa chelewa na kikopo cha maji, na asumini kazifunga kwenye jani la mgomba. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama leo wamefungua. Ndiye Bi Kazija. Akanieleza kwamba kabla ya ukuta ule kujengwa Kigaeni ilikuwa kiambo chao, na walipohamishiwa nyuma ya ukuta makaburi yalibaki ndani. Kwa miaka asiyoihesabu, kila Ijumaa askari wa zamu humfungulia akaingia, akafagia, akamwagia maji, akaomba dua, akatoka. Humo kazikwa mwanawe Haji, mtoto wake pekee, aliyeishi siku kumi na mbili. Wapo wasemao wanawake wasende makaburini, lakini askari wote waliopita langoni pale walimwita bibi, na hapana aliyethubutu kumwambia hilo. Sasa ilikuwa Ijumaa ya tatu hafunguliwi, kwa sababu wapimaji wa ujenzi wamo ndani.

"Nasikia mnasikiliza watu," akaniambia. "Na mimi ntakuja niseme."

Akaja, wiki iliyofuata, siku ya kuwasikiliza wananchi. Alivaa kanga mpya, akaketi kwenye kiti cha mashahidi na miguu yake haikufika chini. Akasema kwa lafudhi yake ya kusini kwamba wao hawaikatai kambi, wana wa ndugu zake wenyewe ni askari. Akasema ana ombi moja tu, ziara yao isivunjwe. Akaishia hapo, kwani kwake yeye maneno yalikuwa yametosha.

Hapa nawaombeni msimame kidogo, kama kalamu yangu ilivyosimama. Huku kwetu ziara ni kumzuru maiti kaburini, na pale pahala penyewe panapozuriwa tunapaita ziara vilevile. Kila Mheshimiwa aliyekuwamo mle ndani alishikwa mkono na mama yake utotoni akapelekwa ziara, akanyamazishwa, akafunzwa kuitikia amin. Neno wanalijua kuliko mimi. Lakini mtu akishakaa muda kwenye kiti kinachozunguka, ziara inambakia moja tu, ile ya basi na kofia.

Mwenyekiti akatabasamu. "Bi mkubwa, ondoa hofu. Ziara haikuvunjwa. Tulikwenda Ijumaa, tena ilifana sana."

Bi Kazija akamkodolea macho. "Mlikwenda nyote?"

"Kamati nzima."

"Mkavua viatu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akasema bi mkubwa ana mzaha. Bi Kazija hakucheka. Macho yalimjaa machozi, akainua mikono palepale kitini akawaombea dua Waheshimiwa, umri, afya, na mwisho mwema, na Waheshimiwa wakaitikia amin kwa sauti za kushiba. Yeye alidhani wakubwa wa nchi wameacha shughuli zao wakenda kumzuru Haji, wiki ambayo mama yake alifungiwa nje. Wao walidhani wanasifiwa kwa kwenda kula pilau. Aliyezijua dhana zote mbili alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo akaandika (Kicheko), akafuata na (Makofi), akafungua ukurasa mwengine. Mkono ulikwenda wenyewe. Mdomo nilikuwa nimeulaza nyumbani, kama nilivyofunzwa.

Taarifa ya kamati ilipoandaliwa, kifungu cha kumi na tisa kikasomeka hivi: "Ombi la mwananchi kuhusu ziara: limetekelezwa." Ni mimi niliyekichapa. Nilikichapa vizuri, bila ya kosa la herufi hata moja.

Sasa sikilizeni jambo la kanuni. Shahidi ana haki ya kusomewa kauli yake na kuisahihisha ndani ya siku saba. Haki hiyo imo ukurasa wa mwisho wa kanuni, kwa herufi ndogo, na katika miaka yangu yote sikupata kuona shahidi aliyeambiwa. Kwa siku nne nilijishauri. Nilijiambia haya si yangu, mdomo uliponza kichwa, na muda si mrefu nitastaafu kwa salama. Siku ya tano nikatia nakala mkobani nikenda Kigaeni, nyuma ya ukuta, anakokaa Bi Kazija. Nilimkuta uani anasuka ukili wa mkeka. Nikamsomea. Nilipofika kwenye "limetekelezwa" akaniuliza maana yake, ikabidi nimweleze yote: basi, hema, meza ya mbao, fimbo ya Meja, pilau, na kile kipande cha kijivu. Akauweka ukili chini.

"Kwa hivyo hawakufika kwa Haji."

"Hawakufika."

"Na wewe ulikuwamo mle niliposema?"

"Nilikuwamo."

"Ulinifahamu?"

"Nilikufahamu, Bi Kazija."

"Ukafanya nini?"

"Niliandika."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinuka akenda jikoni akaniletea chai ya mchaichai na kipande cha mkate wa kumimina, akanisogezea kigoda, akaniambia kunywa mwanangu, umetoka mbali. Nimekaa mbele ya watu wazima wakiapa uongo na kulia uongo, sikupata kuona aibu mfano wa kukaribishwa chai na mama yule.

Tukaandika masahihisho, akatia dole gumba, nikarudi nayo mjini. Afisa wa mapokezi akaniambia masahihisho hayapokewi mpaka yawe kwenye fomu. Nikaomba fomu. Akaniambia fomu za mashahidi hazijachapwa kwa sababu hazijaombwa, zilizopo ni za Waheshimiwa tu. Nikamwambia nami ndiyo naziomba. Akaniambia niombe kwa barua. Barua ikajibiwa siku ya tisa, kunijuilisha kwamba siku saba zimeshapita. Sijui mnaye bado yule bwana. Kama mnaye, nisalimieni.

Ikabaki siku ya kupitisha taarifa. Rukia, ulikuwa kwenye mashine, unakumbuka. Meja naye alialikwa, kakaa safu ya nyuma na kofia mapajani. Mwenyekiti alikuwa anasoma vifungu mbio mbio kwa sababu jua lilikuwa linakaribia kichwani na watu wanasikia harufu ya mchuzi. Kifungu cha kumi na saba, kimepita. Cha kumi na nane, kimepita. "Cha kumi na tisa, ombi la ziara, limetekelezwa. Wanaoafiki?"

Nikasikia mtu anasema, "Bado."

Nikageuka kumtafuta aliyesema, niandike jina lake. Kumbe ni mimi.

Mwenyekiti akatazama safu za mbele, akatazama safu za nyuma, akatazama hata vipaza sauti vya darini. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa chini ya miguu yake na hakuijua sauti yangu. Akauliza nani huyo. Nikasimama, na nilichosema nakiweka hapa kwa sababu kwingine hakipo. "Ziara anayoiomba Bi Kazija ni makaburi, Mheshimiwa. Mwanawe kazikwa pale palipopakwa kijivu. Yeye anaamini mlikwenda kumwombea."

Sikuwahi kuusikia ukumbi ule ukinyamaza hivyo. Hapakuwa na mabano yake. Mheshimiwa yule wa sukari akavua kofia yake akaiweka mezani. Mwenyekiti akamwuliza Meja kama ni kweli kuna makaburi. Meja akainuka, akakohoa, nami nikajua ameshanimaliza, atasema siri. Akatazama kofia yake.

"Yapo, Mheshimiwa," akasema. "Nilipokuwa zamu langoni nilikuwa namfungulia mimi."

Akaulizwa mbona basi imeandikwa eneo tupu. Akajibu kwamba mpimaji huandika kilichosimama juu ya ardhi, na pale hakuna kilichosimama. Sheria yetu wenyewe ya ardhi bila kilicho juu yake tukarudishiwa kama tulivyoitoa.

Mwenyekiti akaamuru maneno ya mtu asiyeruhusiwa kusema yafutwe. Yakafutwa. Ila jibu la Meja lilikuwa la mtu aliyeruhusiwa, hilo halikufutika, na kifungu kikaahirishwa kwa sababu yake. Jibu nalo haliwezi kusimama peke yake, lazima liwe limeitikia kitu. Ndipo wewe Rukia, kwa akili yako mwenyewe, ukaweka mabano: (Sauti). Tafuta kumbukumbu zote za miaka yangu, rafu kwa rafu, mimi nimo mara hiyo moja tu. Nilipewa na barua ya onyo. Ilikuwa na makosa mawili ya tahajia, nikayasahihisha nikairudisha.

Mpango ukarekebishwa. Maegesho yakahamishiwa upande wa jikoni, ukaongezwa ukuta mfupi wa mawe na kilango kidogo cha upande wa kijijini kinachofunguliwa Ijumaa. Kamati ikataka kuthibitisha, na kuthibitisha, kama mjuavyo, ni ziara. Basi lile lile, kofia mpya nyengine, maji ya chupa. Safari hii hatukuingia hemani. Meja alitupitisha moja kwa moja mpaka pembeni, na huko tukamkuta Bi Kazija na ufagio wake, amemaliza kufagia. Makaburi yenyewe si mengi, mawe ya matumbawe yaliyozama mchangani. La Haji ningelivuka nisingelijua, halizidi urefu wa mkono.

"Viatu," akasema Bi Kazija.

Hapana aliyecheka. Waheshimiwa wakainama, mmoja amemshika mwenziwe bega, wakavipanga viatu vyao vizuri vizuri nje ya mawe. Soksi ya Mwenyekiti ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia, naye hakukificha. Akanigeukia, akaniambia kwa upole nisioukumbuka kwake kwamba leo, Bi Asha, andika kila kitu, neno kwa neno. Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina. Nikafungua ukurasa mpya, nikauweka mkono wangu tayari.

Bi Kazija alishafika kwenye lile jiwe dogo. Akamwaga maji, akatawanya asumini, akainua mikono. Kisha akaona nimesimama nyuma ya watu na daftari langu.

"Na wewe njoo mbele," akaniambia. "Weka hiyo kalamu. Mkono mmoja hauombi dua."

Ndiyo hivyo, Rukia. Wino ulikuwapo tele. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu.